Waya Mweusi Chini ya Zulia

Siku ya tatu sasa, na Huseni bado alikuwa amejikunja chini ya dashibodi ya gari la Mwalimu Mworia, miguu nje, mita ya umeme mkononi, akimlaani kimoyomoyo yeyote aliyebuni kompyuta ya gari. Enzi za kabureta ungesikiliza injini ukajua inaumwa wapi. Hili la Japani lilikuwa na kisanduku chenye nyaya arobaini na mbili, na injini haikutoa hata mlio wa kikohozi.

Fundi wa Karatina alikuwa ameshasema kompyuta imekufa. Huseni ndiye aliyebisha, mbele ya mtaa mzima wa Majengo: "Ni waya tu, mwalimu. Nikishindwa, usiniletee gari tena." Miaka kumi na mmoja alikuwa akimtengenezea mwalimu magari, na hakutaka iishe kwa aibu.

Alikuwa amepima waya mmoja mmoja. Fyuzi nzima, rilei nzima. Umeme ulitoka kwenye betri vizuri, lakini kwenye soketi ya kompyuta mita ilisoma sifuri. Basi ulikuwa unapotelea njiani.

"Mwalimu, niinue hili zulia."

"Hapo wacha. Hapo iko sawa. Angalia upande ile ingine."

Hiyo ilikuwa mara ya nne tangu Jumatatu, na mara zote Huseni alitii, maana mali ni ya mwenyewe. Leo subira ilimwishia. Alilivuta zulia likang'oka. Chini yake palikuwa na maji ya mvua, na waya mweusi usiotoka Japani, umeungwa kwa swichi ndogo iliyoliwa na kutu.

"Na hii?"

Mworia alikuna shingo. "Ni ya wezi. Ile gari ya jirani yangu huko Kiganjo waliiba mchana. Nikawekewa hiyo swichi ya kukata moto, gari isiwake. Hata bibi yangu hajui. Mimi nabonyeza kila asubuhi, sikujua imeharibika."

"Siku tatu unanitazama nikipima nyaya, na wewe unajua!"

"Huyo aliniwekea alisema nisiambie mtu. Ati sana sana mafundi, ndio..."

Iliuma. Huseni hakuwahi kumwibia mtu hata skrubu. Hata hivyo alisugua kutu, akaunga upya, akaufunga waya vizuri, akazungusha ufunguo. Injini ikawaka papo hapo. Mworia akacheka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru mpaka Huseni akaanza kulainika.

Kisha mwalimu akaingia garini, akateremsha kioo.

"Huseni, hakuna fundi mwingine unaamini hapa town?"

"Wa nini tena?"

"Wa kuhamisha hiyo swichi. Si sasa wewe unajua mahali iko."