Farasi wa Baba Oswin

Mashine ya kukereza ya Baba Oswin ilikaa bure karakanani tangu mwenyewe azikwe, ikila kutu na kulaliwa na paka. Gotthard, mwanawe, aliporudi kwao, huko milimani Saksonia, baada ya kuzeekea Magharibi, hakuuliza hata habari za majirani. Alivua koti, akapuliza vumbi juu ya mashine, akatangaza, "Hii tutaifufua."

Roswitha alimtazama kaka yake kutoka mlangoni. Zamani zile mpaka wa kwenda Magharibi haujafungwa, bwana huyu aliaga anakwenda kutafuta maisha, akamwachia yeye wazazi wawili wa kuuguza. Sasa amestaafu, amerudi na sanduku la spana na domo lake lile lile. Hata hivyo, moyo wa Roswitha ulimwenda mbio, kwa sababu ya farasi.

Bondeni mwao kila nyumba ya wakerezaji ilikuwa na farasi wake wa mti. Gogo la msonobari lililolowekwa majini lilikatwa kipande cha duara, kikafungwa mashineni, kikachimbwa mifereji kwa patasi upande huu, kikageuzwa, kikachimbwa upande wa pili, mpaka kikawa pete. Muda wote huo mkerezaji hamwoni mnyama wake. Humwona pete ikishapasuliwa vipande vyembamba kama keki ya sikukuu, kila kipande farasi. Farasi wa Baba Oswin aliinamisha shingo kidogo, kama aliyesikia anaitwa akawa hana hakika. Wa mwisho kabisa alivunjwa na watoto wa wageni, akaishia jikoni na kuni. Roswitha alitaka kumwona tena kabla hajafumba macho, na mtu pekee aliyefundishwa kumkereza alikuwa Gotthard. Roswitha alikuwa msichana, na wasichana walipewa brashi wapake rangi.

Basi wakaanza. Walisugua kutu kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikanuka hadi mezani, supu ya viazi ikawa haina ladha nyingine. Gotthard alibadilisha beringi, akafunga mkanda mpya, akajaribu mota. Mashine ilipovuma, Roswitha aligeukia dirishani ajipanguse machozi. Ilikuwa sauti ya utoto wake wote.

Kisha Gotthard akapima nafasi iliyo wazi chini ya mashine. "Hapa nitatia kabati la droo. Patasi huku, sandpepa huku. Nafasi yote hii imekaa bure."

"Hapo usitie kitu."

"Kwa nini?"

"Nimesema."

"Dada, mbao nimeshakata."

"Zitafaa kwa banda la kuku."

Gotthard akacheka, akaziegemeza mbao ukutani. Alidhani ni ukaidi wa uzee.

Pete yake ya kwanza waliipasua pamoja. Kikatoka kitu chenye miguu minne na tumbo la kuburuta chini.

"Nguruwe," akasema Roswitha.

"Ni farasi mwenye mimba."

"Na masikio yameliwa na nani?"

Pete ya pili ikawa mbuzi mgonjwa. Ya tatu ikachanika kabla haijatoka mashineni. Gotthard aliketi kwenye kigoda, mikono imelegea mapajani, na safari hii hakuwa na utani. "Mkono umesahau, Rosi. Nilidhani nikishika patasi tu utakumbuka. Nimemtupa baba, na farasi wake nimemtupa."

Roswitha alikuwa na maneno makali aliyoyaweka miaka yote kwa ajili ya siku kama hii. Alimwonea huruma, akayameza. Akakunja sketi, akapiga magoti, akaingia chini ya mashine, penye maranda mabichi yanayonukia utomvu.

"Unatafuta nini huko?"

"Funga kipande kingine. Kereza."

Alijikunja, goti likimuuma, akafumba macho. Huku ndiko alikolala utotoni, maranda yakimwangukia vuguvugu, mama akidhani anayazoa. Uso wa baba ulikuwa juu, hauonekani. Alichojua yeye ni sauti ya patasi na viatu vya baba vikihama.

Juu, patasi ya Gotthard ikaanza kuuma mti. "Umezama mno," akasema Roswitha. "Kwenye tumbo la farasi patasi ya baba ilikuwa inanguruma kidogo tu, halafu inapanda. Ipandishe. Hapo. Sasa hamia mguu wa kushoto."

"Mguu unahusu nini?"

"Baba alihamia wa kushoto akifika shingoni. Hama, bwana."

Gotthard akahama. Patasi ikabadili sauti, ikawa kama mtu anayenong'ona usingizini.

"Usiiondoe. Nyanyua visigino. Bado. Bado. Toa."

Wakageuza pete, wakamaliza upande wa pili vivyo hivyo, yeye chini akiamrisha, kaka juu akitii. Kisha Gotthard akaweka kisu juu ya pete, akagonga kwa nyundo ya mti. Kipande kikaanguka. Akakiokota, akakitazama, akamshushia dada yake chini ya mashine.

Shingo iliinama kidogo. Roswitha alikishika kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, hakujificha.

"Baba alinifundisha miaka mitatu," akasema Gotthard, amechuchumaa mbele yake. "Akinipiga na makofi juu."

"Alikufundisha wewe, nikajua mimi."

Gotthard akamnyooshea mkono amvute. Roswitha akasimama, akakung'uta maranda kwenye sketi. Akaichukua patasi mkononi mwa kaka yake, akamsukuma kwa bega, akasimama mbele ya mashine pale aliposimama baba.

"Washa," akasema. "Halafu kalete zile mbao zako. Tia droo uzitakazo. Mimi huko chini sirudi tena."