Gari la Hapa Hapa

Kobe alitokea kwenye dashibodi tukiwa katikati ya kilima. Alikuwa kobe mdogo wa njano, wa taa tu, na baba aliponieleza maana yake hakugeuka kunitazama.

"Limeanza kujibana," alisema. "Litatambaa kidogo, halafu basi."

Gari likapunguza mwendo lenyewe, bila ngurumo wala mtetemo, kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya hatua. Nyuma yetu lori lilipiga honi. Baba akashusha kioo, akatoa mkono na kuliashiria lipite. Lilipotufikia ubavuni, dereva wake alitutazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo wazee wanaovuka barabara. Baba, aliyeendesha malori kama lile tangu ujana wake, hakumtazama. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, amevaa viatu vyake vya kutokea. Tulikuwa tumezima feni tangu tutoke mjini ili kuokoa chaji, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Hakujipepea.

"Bado mbali?" aliuliza.

"Bado," baba akasema.

"Haya, twende."

Watu wa mtaani walimwita baba Masafa. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, yale yanayovuka mipaka na kulala foleni, na nyumbani alikuja kama mgeni: anatengewa maji ya kuoga, anapewa kiti kisicholegea, na mimi nakaa kwa adabu mpaka aondoke. Alijua bei ya vitunguu katika miji ambayo sisi tuliisikia redioni tu, lakini ukimuuliza niko darasa la ngapi atamtazama kwanza mama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hayupo, basi, na tulikuzoea kutokuwepo kwake kama watu wanavyozoea mlango usiofunga vizuri.

Alipostaafu alikaa uani muda mrefu, akiwatazama kuku wa majirani wakipita, mpaka siku moja akatangaza kwamba anataka kununua gari. Tulidhani atanunua pikapu, kitu chenye mngurumo anaouelewa. Wakati huo nilikuwa nauza kwenye duka la dawa. Siku yangu ya mapumziko akaniomba nimsindikize.

Tulikwenda kwenye yadi ya magari ya umeme yaliyotumika. Yalikuwa yamepangwa kwa safu, yameoshwa na kung'arishwa mpaka matairi, ungedhani yametoka kiwandani juzi, wakati yote yalikuwa yameshawachosha wenyewe wa kwanza. Muuzaji alikuwa na mdomo mwepesi. "Halinywi mafuta, halitoi moshi, halipigi kelele," alisema, akipapasa boneti la gari dogo la kijivu. "Hili, mzee, unawaachia wajukuu."

Baba alikuwa amekuja na fundi wa betri, mwanamke mnene mpole aliyemtengenezea jirani yetu pikipiki ya umeme. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma kwenye simu, kisha akatuvuta kando, baba na mimi.

"Betri imebaki nusu na ushee," alisema. "Ndiyo maana wanaliuza hivi. Na kuweka betri mpya ni kama kununua gari lingine."

"Likiwa jipya lilikuwa linafika wapi?"

"Mji wa pili na kurudi, bila kuhema."

"Na sasa?"

"Sasa ni la hapa hapa, mzee. Sokoni, hospitali, msibani, unarudi. Tena tambarare. Kilima kinalila, joto linalila, hata feni inalila. Usilitoe nje ya mji, litakuaibisha."

Baba alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyezunguka maduka mengi akitafuta kitu fulani na hatimaye kakipata. "Hapa hapa ndipo ninapotaka," alisema. Nami nilifurahi, kusema kweli. Niliona kwamba mtu aliyetukimbia maisha yote amejinunulia kamba na kujifunga mwenyewe nyumbani.

Mama hakuliona hivyo. Alilizunguka gari taratibu, akafuta kioo cha pembeni kwa upindo wa nguo yake. "Haliendi mbali?"

"Haliendi," baba akasema.

"Kwa hiyo wewe umekwenda kote ulikokwenda, na sasa zamu yangu ya kupelekwa imefika, umeninunulia gari la kuzungukia soko." Alisema bila ugomvi, akaenda kuzima jiko.

Baba alilipenda gari lile. Alipitisha waya dirishani kulichaji, na asubuhi alikuwa wa kwanza kwenda kulitazama. Pembeni mwa dashibodi kulikuwa na vijiti vya mwanga vilivyoonyesha uzima wa betri yenyewe, na vikizimika vile haviwaki tena. Kijiti kimoja kilipozimika alinipigia kelele niende kuona. Alinionyesha mahali palipokuwa giza kama mtu anayekuonyesha pengo la jino.

Kisha simu ikapigwa. Alikuwa jirani wa zamani, kutoka mji walikoishi wazazi wangu kabla sijazaliwa. Barabara kuu ilikuwa inapanuliwa, na ilikuwa inakula makaburi. Wenye watu wao pale walitakiwa wafike siku iliyopangwa, washuhudie wakihamishwa. Wasiofika, watu wao wangehamishwa vilevile.

Mama aliweka simu chini, akaendelea kuchagua mchele. Alitueleza huku vidole vikitembea kwenye sinia.

Habari za kaka yangu nilikuwa nazijua kama mtu anavyojua chumba kilichofungwa katika nyumba anayoishi. Alinitangulia. Alishikwa na homa, akafa kabla hajaanza kusema sentensi nzima. Baba alikuwa safarini, na enzi hizo simu za mkononi hazikuwepo. Ujumbe uliachwa kwenye vituo vya malori, ukamfukuzia barabarani. Alipofika mazishi yalikuwa yamekwisha. Mama aliwahi kunisimulia hayo mara moja tu, tukifua: kwamba baba alifika, akaoga, akalala siku nzima, akala, akarudi barabarani. Hakuuliza mtoto amezikwa upande gani. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza.

"Nitakupeleka mimi, mama," nilisema. "Tutapanda basi la asubuhi."

"Sitaki basi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Gari halifiki huko," alisema. "Fundi alisema mbele ya binti yako, muulize."

"Najua halifiki."

"Litaishia njiani."

"Liishie njiani," mama akasema, akapeperusha sinia. "Utanipeleka wewe."

Nilimtazama baba usoni, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikajiuliza ni kitu gani hasa alichokinunua kule yadi. Jibu sikulipata, na sasa simwoni wa kunipa.

Basi ndivyo tulivyojikuta kilimani, na kobe amewaka. Tulitambaa pembeni mwa lami mpaka kileleni, ambapo kulikuwa na karakana ya useremala, na gari likafia uani, katikati ya milango isiyopakwa rangi na vitanda visivyo na magodoro. Seremala hakuwa na maneno mengi. Alitazama gari, akamtazama mama, akanyoosha waya.

"Lakini umeme wangu haubebi viwili," alisema. "Nikitaka kuwasha randa nitawaambia, mtachomoa."

Na kweli, kila mara tulipoona namba zinaanza kupanda, alinyanyua mkono, nikachomoa. Mashine ikanguruma, mbao zikamwaga vumbi jeupe, na sisi tukangoja. Akizima, nachomeka tena. Jua lilitoka upande mmoja wa karakana likahamia juu ya vichwa vyetu. Wazazi wangu walikuwa wamekaa kwenye ubavu wa kitanda kipya, wameachiana nafasi ya mtu wa tatu. Mimi nilikuwa chini, karibu na swichi.

"Ungepanda basi," baba alisema, "saa hizi ungekuwa umefika."

"Basi lingenifikisha mimi," mama akasema. "Mimi nilishafika. Nilifika peke yangu, nikarudi peke yangu."

Baba alikuwa ameokota unyoya wa mbao, anauviringisha kidoleni. "Ningekuuliza alipolala, ingenibidi niende," alisema. "Sikuweza."

"Na mimi nani aliniuliza kama naweza?"

Seremala akanyanyua mkono. Nikachomoa. Randa ikalia kwa muda mrefu, na ilipozimwa nikachomeka tena.

Tulipofika jua lilikuwa limeshageuka. Teremko lilitusaidia, baba alijua kuliachia gari lijichaji kidogo kwenye miteremko, na usukani ulikuwa umetulia mikononi mwake kama zamani. Lakini pale penye makaburi palikuwa pekundu na tupu, katapila limeegeshwa, na jirani wa zamani, bibi mfupi mwenye mwavuli, alikuwa amesimama peke yake kando ya barabara.

Alimwita mama kwa jina la kaka yangu. Mama wa fulani, alivyoitwa kabla mimi sijakuwepo duniani. Kwetu watu wote walimwita kwa jina langu, na nilikuwa nimeamini kwamba ndilo jina lake. Sijawahi kumwona akigeuka haraka vile.

"Wamemaliza," bibi alisema, akimshika mikono yote miwili. "Niliwaomba wangoje. Walingoja kidogo, mwanangu, lakini wana watu wengi."

Alituongoza nyuma ya ukuta mpya. Udongo ulikuwa mbichi bado, matuta mafupi yamepangwa kwa mstari, kila moja na kigingi chake. Bibi alikuwa ameshika kwa macho lile la kwetu asije akalipoteza: la tatu kutoka kwenye mti uliokatwa. Wafanyakazi walikuwa wanakusanya vifaa. Mmoja, mwenye buti zilizojaa tope, alivua kofia alipotuona.

Baba alimwendea. "Nani alimbeba huyu?"

"Mimi, mzee."

"Alikuwa mzito?"

Yule mtu alimtazama ili ahakikishe amesikia vizuri. Sisi tuliokaa na baba tusingeshangaa. Hilo ndilo swali aliloliuliza kila asubuhi ya maisha yake, mbele ya kila shehena. Mfanyakazi akafikiri, akatafuta jibu la kweli, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Hapana, mzee," alisema. "Hata hakuwa mzito."

Baba akaitikia kwa kichwa. Alisimama tu, mikono ikining'inia, kama mtu aliyefikisha mzigo akakuta ghala limefungwa. Alikuwa amechelewa kwa mtoto yuleyule mara ya pili, na mara hii asingeweza kuisingizia barabara.

Usiku ule tulilala kwa bibi, waya umepita dirishani. Kurudi kulitumalizia siku nzima na nusu ya nyingine, na betri haikuwa ileile tena. Mwaka uliofuata gari lilikuwa linafika sokoni tu, na kurudi ilikuwa bahati. Kisha likawa la kuwekwa chini ya wembamba wa kivuli cha ukuta, na baba anakaa ndani yake mlango wazi, anasikiliza redio. Mama alilala akiwa mzima jioni moja ya masika na hakuamka. Tulimzika hapa hapa mjini, na baba alikuwepo, mstari wa mbele. Baba naye alipomfuata, gari alikuja kulichukua yule fundi mpole, akalichambua vipande.

Lakini kila nikiwakumbuka wawili hao, siwaoni msibani wala chini ya ukuta. Nawaona jioni ile, wafanyakazi wameshaondoka na bibi ametangulia kutuchemshia chai. Mama alikuwa amesimama upande huu wa tuta na baba upande ule. Tuta lilikuwa fupi, hata mtu angeweza kulivuka bila kutanua hatua.

"Alikuwaje?" baba aliuliza.

Magari yalikuwa yanapita nyuma ya ukuta, na kila lori lililopita lilitikisa vigingi kidogo.

"Alikuwa anaogopa kuku," alisema.

Baba akangoja. Alipoona haendelei akauliza, sauti chini, "Na nini tena?"

"Hayo mengine ni yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayegawa chakula na kujua kipi cha nani. Mimi nilidhani siku moja atabadili nia, akampa japo kidogo, au anipe mimi nimpelekee. Hakumpa. Wala mimi hakunipa.

Baba akachuchumaa, magoti yakalia. Udongo ule ulikuwa umechimbwa kwa haraka na ulikuwa na changarawe nyingi. Akaanza kuziokota juu ya tuta, moja moja, akiziweka kando ya buti zake, na mama akamwacha aokote.