Mtutu wa Baba

Baba alitufundisha sheria moja kabla hajatukabidhi risasi hata moja: ukikosa, lawama ianzie mkononi, bunduki iulizwe mwisho. Kwa hiyo nilipoanza kukosa, sikuiuliza bunduki. Niliiuliza mikono yangu, na mikono yangu nilikuwa naiogopa tayari.

Mama yetu alikufa akitetemeka. Kilianza kidole gumba, kikafuata kiganja, mwisho akawa hawezi kufikisha supu mdomoni. Mimi na mdogo wangu Arlene tulimlisha kwa zamu, kijiko kwa kijiko, katika nyumba hii ninayoishi sasa peke yangu. Daktari alisema ugonjwa ule mara nyingine hurithiwa. Tangu hapo, kila asubuhi naitazama mikono yangu kabla sijachemsha kahawa.

Bunduki yenyewe ni ya tundu dogo. Risasi yake ni nyembamba kuliko penseli, lakini ina mbio za ajabu, na mtutu mzito Baba aliufunga kwa mikono yake mwenyewe. Wakulima wa bonde letu huku Pennsylvania waliipenda kwa sababu risasi hiyo ikigusa udongo inapasuka vipande. Hairuki ikamfuata ng'ombe wa mtu. Kazi yake ni buku wa mashambani, wale wanono wanaochimba mashimo kwenye malisho mpaka farasi avunjike mguu. Nilikuwa nalala kifudifudi kwenye kilima cha mkulima Kreider, buku katokeza kichwa tu, yadi mia tatu, na namlaza. Kwenye karatasi ya shabaha, risasi tatu nilizifunika kwa sarafu moja ya senti kumi. Sijisifu, waulizeni wakulima wenyewe.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa nyonga, nikauguzwa kwa binti yangu Janelle kiangazi chote. Ufunguo wa nyumba na wa kabati la bunduki nilimwachia shemeji yangu Delbert, mume wa Arlene, amwagilie nyanya na kumlisha mbwa. Niliporudi nikaikuta bunduki imesafishwa, inang'aa kwa mafuta. Nikasema moyoni, shemeji huyu ana adabu.

Theluji ilipoyeyuka nikaenda kwenye uwanja wa shabaha. Risasi zangu zilitawanyika, hata kisahani kisingezifunika. Delbert alikuwa kando yangu na darubini yake.

"Shem, leo vipi?"

"Upepo."

"Upepo gani, na bendera imelala doro? Ni mkono huo. Unacheza." Akacheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Si lazima uwe ugonjwa wa Mama. Umri tu, shem. Wewe pumzika, mimi nitakushikia shamba la Kreider."

Akalishika kweli. Kreider akawa anampigia simu yeye.

Mimi nikaacha na mengine, bila kuambiwa na mtu. Nikaacha kushona. Nikawa nakunywa kahawa nusu kikombe, nisije nikaimwaga mbele za watu. Janelle akajifungua, na Pasaka tukakusanyika kwa Arlene, nyama ya nguruwe ya moshi mezani na mayai yaliyolowekwa kwenye maji ya bitiruti mpaka yakawa mekundu. Janelle akaninyooshea mtoto.

"Nina mafua," nikasema.

"Mshike tu, mama, geuza uso."

"Nimesema sitaki."

Binti yangu alinitazama kana kwamba nimempiga kibao. Arlene alikuwa kaketi palepale, anamenya viazi. Aliitazama mikono yangu, akarudi kwenye viazi vyake.

Mwezi Juni niliamua kuiuza bunduki kabla sijafikia hatua ya kuidondosha. Nikampelekea Stauffer, fundi bunduki wa mjini, mzee aliyefahamiana na Baba. Aliingiza kamera yake nyembamba ndani ya mtutu, akatazama picha kwenye kioo chake, akavua miwani.

"Bi Verna, nani ameichoma hii?"

Pale risasi inapoanzia safari, chuma kilikuwa kimepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka, na ile mifereji inayoizungusha risasi imelika.

"Hata ukiifunga kwenye mwamba itatawanya," akasema. "Ulipiga mfululizo bila kuuacha mtutu upoe?"

"Mimi napiga moja, nakunywa chai, ndiyo napiga nyingine. Unanijua."

"Nakujua. Basi huu si moto wa buku wa huku. Huu ni wa kule Dakota, wa buku wale wadogo wa mbugani wanaoishi kwa mamia. Wanasimama kila mahali, mtu anafyatua mpaka mtutu unakaanga yai." Akakuna kidevu. "Shemeji yako aliniuliza vuli iliyopita kama naweza kufunga mtutu mwingine kwenye bunduki hii. Nikamwambia naweza, ila wewe utaujua, maana wa baba yako una alama yake. Nikadhani anakuandalia zawadi."

Delbert alikwenda Dakota Agosti ile nilipokuwa nauguzwa kwa Janelle. Alituonyesha picha kwenye simu, kofia kichwani, kalala nyasini, na bunduki haionekani hata moja. Nami nilicheka naye.

Garini niliinyoosha mikono juu ya usukani. Ilikuwa imetulia tuli. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Arlene, nikamkuta na Delbert wanakula. Arlene akanimiminia kahawa nusu kikombe bila kuniuliza.

"Delbert, uliipeleka bunduki ya Baba Dakota?"

Akaacha kutafuna. "Aa, shem. Chuma ni chuma. Tutafunga mtutu mwingine."

"Ulijua mtutu haulengi tena."

"Nilikuwa nitakuambia. Halafu wewe mwenyewe ukaanza habari za mikono..."

"Mimi nilisema upepo. Mikono uliitaja wewe."

Akainamia sahani yake. Nikamgeukia mdogo wangu. "Na wewe?"

"Aliniomba nisiseme, dada. Nikadhani utagundua. Wewe hugundua kila kitu."

"Pasaka ulinitazama nikimkataa mtoto."

Akaanza kukusanya makombo mezani kwa kiganja.

"Tulimlisha Mama kijiko kimoja, Arlene. Ulijua naogopa nini. Hata kahawa unanipimia nusu."

"Ungemchukia mume wangu," akasema polepole.

"Kwa hiyo ukaona heri nife kwa hofu."

Alilia. Nilisubiri nimhurumie, huruma haikuja. Delbert ni mtu wa nje, aliingia kwa ndoa, na uongo wake nitauzoea. Huyu tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa.

"Jaza," nikamwambia.

Akajaza mpaka ukingoni. Nikakinyanyua, nikanywa nimesimama mpaka kikaisha, na kitambaa cha meza kikabaki cheupe. Kisha nikachukua msumarini kando ya mlango ufunguo wa nyumba yangu, ule niliomwachia Delbert, nikaendesha gari hadi kwa Janelle.

Alifungua mlango, mtoto begani.

"Mafua yameisha?"

"Yameisha. Nipe."

Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyowazia, na mikono ilimbeba vizuri. Janelle akachungulia garini.

"Mama mdogo hujaja naye?"

Nikamwambia sina mdogo.