Uso Sio Kola

...na povu halitoki, nasugua, hapana, sisugui, napapasa, kwa ncha za vidole tu, polepole, kuanzia kidevuni kupanda juu, na povu halitoki ng'o, kitu chenyewe kilaini kama uji uliopoa, hakina harufu, hakina rangi ya maana, na mimi ambaye mji mzima unaniita Mama Pasi, miaka thelathini na moja nafua nguo za watu, nimesimama kwenye sinki la chumba cha kufulia na uso mzima nimeupaka kitu kisichotoa povu, wateja wakiniona leo watahamisha mashuka yao... dakika moja, alisema mfamasia, dakika moja kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, nikamwambia dada yangu, habari za maji mimi sifundishwi, akacheka, mwanamke wa miwani minene, mstaarabu, nilimkalisha nusu saa nzima pale duka la dawa nikifungua kila chupa na kunusa, hii inanukia maua, weka kando, harufu ni ya kuficha kitu, nguo safi hainukii chochote, hii ina chembechembe ndani kama mchanga, weka kando, mchanga ni wa masufuria, hii imeandikwa inang'arisha, weka mbali kabisa, dawa ya kung'arisha naijua, naitumia kwenye vitambaa vya meza na nimeona inavyokula uzi, mpaka tukabaki na hii moja, chupa nyeupe isiyo na mbwembwe, nikamwuliza inatoa povu, akasema haitoi, nikamwuliza sasa itasafishaje, akavua miwani akanitazama. "Mama, uso sio kola," akasema. Hasira zilinipanda, nisiseme uongo, lakini nililipa.

Na sikuipaka hivi hivi, mimi si mtu wa kukurupuka, dawa mpya kwa dobi hujaribiwa kwanza kwenye pindo la ndani, pale ambapo mwenye nguo hataona, kwa hiyo siku tatu nilipaka nyuma ya sikio, siku mbili chini ya taya, hakuna kuwasha, hakuna wekundu, leo ndiyo uso mzima, maana kitu hakitagusa uso wa mjukuu wangu kabla hakijagusa wangu, hilo nililiapa... nasikia sauti ya binti yangu nje kwenye kaunta, anamwambia mwanawe asiguse pasi, ni ya moto, halafu kitu kuhusu viatu, binti yangu na mimi hatuongei sana lakini hatugombani, ni mwalimu, kesho alfajiri anakwenda masomoni mwaka mzima, na mtoto ama atabaki kwangu ama atapelekwa kwa wifi wa mama yake, binti yangu atanijibu leo hii kabla hajaondoka, begi la mtoto ameliacha mlangoni, hakuliingiza chumbani wala hakulirudisha kwenye gari, na mimi nimeliona, mzigo wa mtu naujua kabla hajaufungua. Mtoto ana miaka kumi na miwili, kipaji cha uso kimeanza chunusi, tatu nne hivi, na wiki mbili zilizopita kwenye simu binti yangu hakuniuliza shule, hakuniuliza chakula, aliniuliza swali moja tu. "Mama, uso wake utamwosha na nini?" Nikacheka, nikasema na maji, mwanangu, na nini tena, naye hakucheka.

Kwa hiyo nimejiandaa, nani kasema dobi mzee hajifunzi, natoka hapa na uso wangu laini, naweka chupa kwenye kaunta, namwambia tazama, haina povu, haina harufu, kiasi cha punje ya hindi, asubuhi na jioni, unakausha kwa kugusagusa na taulo, husugui, nimeyashika yote, utanifundisha nini, naye ataona mama yake amebadilika na mambo yatakwisha... sekunde ngapi hizi, arobaini, karibu na macho nayafumba kwanza, hivi, giza... binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne, kwenye sinki hili hili, chunusi mashavu yote mawili, na mimi nilikuwa na ilmu yangu ya udobi, nguo iliyosuuzwa vizuri ukiivuta kati ya vidole inalia, kwii, ikilia imetakata, isipolia rudia, basi na shavu nikaona ni hivyo hivyo, sabuni ya kipande ya kufulia, maji ya moto, na brashi ya kola, nasema ile laini, kila nikisimulia nasema ile laini kana kwamba laini ilikuwa laini, nilimwinamisha kila jioni muhula mzima nikasugua mpaka ngozi ilie, na chunusi zikazidi, nikazidi, zikaja madoa, madoa yakabaki, mpaka leo yapo chini ya poda, ana miaka thelathini na sita na kila akilala kwangu huingia bafuni na sabuni yake kwenye mfuko wake na kufunga mlango kwa komeo, kunawa uso tu, komeo. Na jioni zile zile, Mungu anaona, nilikuwa nafua gauni la hariri la mke wa jaji, kwenye beseni la peke yake, maji baridi, sabuni ya watoto wachanga, nalikamua kwa viganja kama ninalibembeleza, hariri sikuwahi kuisugua hata siku moja, mtu angethubutu kuleta brashi karibu na hariri ile ningemvunja mkono.

Hapana, ngoja, chupa haitasema kitu. Chupa gani, yeye chupa za namna hii anazijua tangu zamani, ndizo anazofungia komeo, nitamwonyesha nini asichokijua, na kila tulipolikaribia jambo lile nilimwambia neno moja, mwanangu, enzi zile hatukujua, nami nikaamini, nikajitetea kwa methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, watu wakatikisa vichwa, mama shujaa huyo... hatukujua, nani hakujua, macho yamefumba na ninamsikia hapa hapa, sauti imebanwa kwa maji na sabuni, anasema mama, inachoma, na mimi najibu, nakumbuka nilivyojibu, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, ikichoma ndiyo inafanya kazi, tulia, na akatulia. Alitulia, mtoto yule, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili akatulia. Si kweli kwamba sikujua, niliambiwa, kila jioni niliambiwa.

Anagonga. "Mama, umemaliza? Saa zinakwenda." Nakuja, nasema, na dakika ile moja ilishapita zamani, kitu kiko usoni bado, hakichomi, hakiwashi, kimetulia tu, na bomba sijalifungua, lakini moyo haunidundi, ajabu, ninajua nitakachosema kama ninavyojua madoa yangu, la chai, la damu, la kutu, kila moja na dawa yake, na hili dawa yake ni fupi na haina maelezo, sitamwambia enzi zile, sitasema nia yangu ilikuwa nzuri, nia ilikuwa nzuri na haimsaidii, nitasuuza, nitakausha, nitatoka, nitasimama mbele yake na kumwangalia mashavuni mahali ambapo miaka ishirini na miwili nimekuwa nikipakwepa, na hata akimpeleka mtoto kwa wifi yake neno lake ataondoka nalo, ni lake, nimelikalia muda mrefu mno. Ulisema inachoma, nitamwambia. Nilikusikia, mwanangu, na sikuacha.