Vipande Saba vya Mzee Mwinjuma

Mwalimu Wilfred alikuwa amechoka na sarafu. Hakuzichukia, alichoka tu, kama mtu anavyochoka na kazi aliyoifanya miaka mingi bila wa kupokezana naye. Tangu astaafu kufundisha historia na kuhamia mtaa wa Picha ya Ndege, watu walimfuata nyumbani na rupia za Mjerumani zilizofungwa kwenye leso, wakitaka awaambie kwamba wametajirika. Aliwaambia ukweli, nao wakaondoka wamenuna.

Mapenzi yake mwenyewe yalikuwa kwingine. Miaka ya themanini alisoma Athens kwa ufadhili, na huko akaanza kukusanya sarafu chakavu ambazo wengine hawakuzitaka: za miji ya Wagiriki wa kale, zenye bundi na nyuki, na za Wabizanti, zenye misalaba na wafalme wenye macho makubwa. Hakuna aliyemfundisha kuzitambua. Alikuwa na kitabu kimoja, mizani ndogo na daftari. Alipima, alichora, alisoma herufi mbili tatu zilizobaki, akakosea, akarudia.

Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Aliamua kuzigawa zote kwa chuo chochote kitakachozikubali. Binti yake Wema, karani wa kiwanda kimoja Zegereni, alikuja kila Jumamosi kumsaidia kuziorodhesha. Yeye alipiga picha kwa simu, akazilinganisha na picha za makumbusho ya nje, na baba akataja kila moja ni ya nani.

Jumamosi moja ya Oktoba, Wema alikutana na picha ambayo hakuwa akiitafuta.

"Baba, hii yenye herufi B upande mmoja na msalaba upande wa pili, unayo?"

"Sina."

"Wanasema ni ya mfalme Basil, mji wa Cherson, huko Bahari Nyeusi. Eti mji huo haukugonga sarafu zake kwa nyundo. Walizisubu, yaani walimimina shaba iliyoyeyushwa kwenye kalibu."

Mwalimu aliweka chini kikombe cha chai. "Hebu soma tena."

Wema alisoma tena. Mzee akainuka, akaenda kabatini, akarudi na daftari la mwaka 2015. Alilifungua, akaligeuzia kwenye mwanga, kisha akampa binti yake amsomee, ingawa maneno yenyewe aliyajua. *Seif Mwinjuma, Msimbu. Vipande saba, shaba. B / msalaba. Mshono wa kalibu ukingoni. Bandia.*

Alivyojua yeye, sarafu za Wabizanti ziligongwa: kipande cha shaba kiliwekwa katikati ya mihuri miwili, kikapigwa nyundo. Sarafu yenye mshono ukingoni imemiminwa kwenye kalibu, na ya kumiminwa ni kazi ya tapeli. Kitabu chake hakikuutaja mji wa Cherson.

"Miaka tisa," alisema.

"Baba, mtu mwenyewe pengine ameshasahau."

Mzee alilichukua daftari, akalifunga.

Jumatatu alibadilisha magari mara mbili hadi Kisarawe mjini, kisha akapanda bodaboda kwenda Msimbu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na alipofika yalikuwa yamemtoka yote. Aliyempokea ni Zuwena, mke wa Seif, aliyekuwa akimenya mihogo barazani. Alimwamkia, akampa kiti na maji, akamwita mumewe shambani.

Seif alikuja na jembe begani. Alimtambua mara moja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Seif, nimekuja kwa habari ya zile sarafu za baba yako. Nilikosea. Ni za kweli. Zina miaka zaidi ya elfu moja."

Seif aliliegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye kizingiti. Kwa muda alionekana kama mtu anayesubiri kusikia sehemu iliyobaki.

"Unakumbuka ulivyoniambia siku ile?"

"Nilisema ni bandia."

"Ulisema, 'Aliyempa baba yako hizi alimchezea akili.'"

Mwalimu hakulikumbuka neno hilo. Lakini lilikuwa la kwake; alilitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Mzee Mwinjuma, baba yake Seif, alikuwa mpishi wa Mgiriki mwenye shamba la mkonge upande wa Ngerengere. Serikali ilipoyachukua mashamba, Mgiriki akafunga mizigo, na siku ya kuondoka akampa mpishi wake kopo la tumbaku lenye vipande saba. Akamwambia ni vya wazee wake, vya zamani kuliko nchi zote mbili, na kwamba anampa kwa sababu katika miaka kumi na minne Mwinjuma hakuwahi kumfungia mlango alipomhitaji. Mwinjuma aliisimulia habari hiyo kwenye kila shughuli.

"Niliporudi kutoka kwako ilikuwa wiki ya harusi ya binti yetu Yasmin," Seif alisema. "Wageni wamejaa, mzee ameshatoa kopo, anaanza kusimulia. Nikamwambia mbele ya watu, baba, rudisha kopo ndani, usituaibishe, ulidanganywa. Akarudisha. Hakulitoa tena. Ramadhani iliyofuata tulimzika."

Zuwena aliacha kumenya. Kisu kilibaki mkononi.

"Na sarafu?" mwalimu aliuliza taratibu.

Seif alinyoosha kidole kwenye banda la mbuzi. Wakati wa kuezeka, vizibo vya soda vya kuwekea chini ya vichwa vya misumari vilikuwa pungufu. Akazitoboa zile sarafu zote saba, akazitumia badala yake.

Alileta ngazi, akang'oa moja, akashuka nayo. Mwalimu aliipokea. Kutu ilikuwa imeila upande mmoja, na tundu la msumari lilipita katikati ya msalaba. Hakuhitaji macho. Alipitisha kidole gumba juu ya ile B nene, kisha ukingoni, penye mshono uleule. Akaona aibu, akamrudishia Seif.

"Zina thamani?" Zuwena aliuliza.

"Kidogo. Hata zingekuwa nzima, kidogo tu, mama."

"Kwa hiyo Mgiriki alisema kweli," Seif alisema.

"Aliyoyasema sikuyasikia. Najua tu kwamba alichompa baba yako hakikuwa cha bandia."

Seif alitikisa kichwa kukubali. "Twende ukamwambie shangazi."

Bi Biasha, dada wa marehemu, alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, nyumba ya tatu, na wajukuu wanne wakichambua choroko kando yake. Mwalimu alimwamkia, akaketi chini kwa shida, akaeleza upya, kuhusu mji, kalibu, kitabu kisichotosha.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mie hayo ya kalibu siyajui. Kaka'ngu alikuwa mwongo?"

"Hapana, mama."

"Sema kwa nguvu. Hawa watoto waliambiwa babu yao alidanganywa kama zuzu."

"Mzee Mwinjuma hakuwa mwongo, wala hakudanganywa," mwalimu alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani. "Mimi ndiye niliyekosea."

Wajukuu walimtazama. Mmoja akacheka kwa haya, kisha wakaendelea na choroko. Bi Biasha alivuta khanga usoni. Alipoiondoa, alimwambia Zuwena ampe mgeni chakula, maana ametoka mbali.

Alikula kidogo. Jua lilikuwa bado juu Seif alipomsindikiza barabarani kungoja pikipiki. Ngurumo yake iliposikika kwenye kona, Seif alimgeukia.

"Mwalimu, kama ningekufuata tena mwaka ule nikuulize mara ya pili, ungeniambiaje?"

Wilfred alifikiri. Alitamani kuwa na jibu jingine.

"Ningekuambia vilevile. Nilikuwa na uhakika."

"Hata mimi," Seif alisema. Akamshika mkono kumsaidia kupanda.