Askari wa Ukurasa wa Majibu

Dancan, bosi wake, alipomcheka mbele ya wateja, ati "Pauline bado anasema 'lokin' badala ya 'login'," Pauline alicheka pamoja nao na kuliweka neno hilo moyoni. Mtu wa Bungoma hutaniwa na wenzake akasahau. Kutaniwa na bosi asiyejua kazi hakusahauliki.

Wiki hiyo, ofisini kwao Kitale, Dancan alikuwa amemaliza tovuti ya kliniki moja ya Bungoma na kuiweka hewani. Ukurasa wa majibu ya vipimo ulikuwa wa wafanyakazi tu. Katika Python, lugha ya programu waliyotumia, kazi ya kuwazuia wengine hufanywa na dekoreta, mstari mmoja unaokaa juu ya kodi ya ukurasa kama askari wa geti. Dancan aliuweka juu hata ya mstari wa anwani, ule unaoutoa ukurasa mtandaoni. Lakini Python huanza na mstari wa chini, basi ukurasa ulipewa anwani ukatoka nje kabla askari hajafika kazini. Dancan aliujaribu kwa akaunti yake ya mfanyakazi, ukafunguka, akaenda kunywa chai.

Pauline aliujaribu kwa simu bila kuingia kwa akaunti yoyote. Ukafunguka pia. Kubadilisha mistari miwili hakukuwa na jasho, lakini hakuigusa. Ijumaa Dancan angeonyesha kazi mbele ya madaktari, na Pauline angeinua mkono kwa adabu na kuuliza mbona ukurasa unafunguka kwa yeyote. Alisikia raha, tusidanganyane.

Alhamisi mdogo wake, Agneta, alipiga simu kutoka Ndalu. Wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe za mahari yake siku hiyo.

"Wamefika?" Pauline aliuliza.

"Wamerudi na ng'ombe zao." Sauti ilikuwa kavu. "Rispah, dada ya bwana, aliona kadi yangu ya kliniki. Akaandika namba yake kwa simu, kwa tovuti ya kliniki, majibu yakafunguka, akasomea watu wote. Ati siwezi zaa."

Pauline hakujua hata kwamba mdogo wake alipimwa.

"Si ungeenda kliniki ingine," alisema, akajichukia hapo hapo.

"Nilienda hiyo sababu ni nyinyi mnawatengenezea tovuti, dada. Nilijua uko hapo."

Simu ilipokatika, Pauline aliishusha dekoreta chini ya anwani. Ukurasa ukajifunga. Dancan alichungulia begani kwake, akaona kosa, akashika kichwa.

"Bana, umeniokoa. Kesho ningeaibika. Umeona hii lini?"

"Sasa hivi," Pauline alisema.