Habari za Saa Nne kwa Bi Rukaya

Raheli Amosi hakuwa na ofisi. Chama cha ushirika alichokuwa karani wake kilipofungwa, alikaa nyumbani miezi kadhaa, kisha akaanza kuandika habari za mkoa na kuzituma kwenye moja ya magazeti mapya yaliyokuwa yakiota Dar es Salaam kama uyoga. Wakazipenda. Wakamwambia awe mwandishi wao wa Singida. Meza hawakumpa, simu hawakumpa.

Simu ilikuwepo kwa Bi Rukaya. Marehemu mumewe, mtu wa Tanga, aliivuta zamani alipokuwa wakala wa mabasi. Alipofariki, mjane aliigeuza ofisi yake kuwa mgahawa wa kahawa, chai na chapati, hatua chache kutoka stendi, na simu ikabaki ukutani palepale. Raheli alimwomba apokelee simu zake pale, kwa kuwa gazeti ndilo lingekuwa linapiga. Bi Rukaya akakubali, kwa sharti kwamba asikalie meza ya dirishani, maana hiyo ilikuwa ya wasafiri.

Basi Raheli akawa anafika asubuhi, anakaa meza ya pembeni, anaagiza kahawa, anaandika mpaka kahawa inapoa. Saa nne simu inalia. Ni Gasto, mhariri, kutoka Dar. Raheli anamsomea habari zake na Gasto anaandika.

Laini ilikuwa mbovu, ilibidi apige kelele. Kwa hiyo habari zote za Singida zilisomwa kwanza mbele ya wanywa kahawa, ndipo zikaenda Dar, zikachapwa, zikarudi na basi kesho yake jioni. Watu walizoea. Wengine walikuja saa nne makusudi. Mzee Othmani, mfanyabiashara wa vitunguu, alikuwa akimsahihisha hata kabla Raheli hajamaliza kusoma.

"Si lori lililopinduka, Raheli, ni tela lake! Mwambie!"

"Uko wapi wewe?" Gasto aliuliza siku moja. "Harusini?"

"Niko ofisini," Raheli akajibu, na mgahawa mzima ukacheka.

Mama yake huko Kinyangiri hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba bintiye anashinda hotelini na wanaume, na kila Raheli alipokwenda kumsalimia alimuuliza ni kazi gani hiyo isiyo na mlango.

Zikaja zile mvua kubwa za elinino. Barabara ya Dodoma ikakatika, mito iliyokuwa mchanga mtupu ikabeba ng'ombe. Jioni moja Agripina, muuguzi aliyekuwa jirani yake, alimgongea Raheli. Alikuwa bado amevaa sare.

"Kuna kijiji upande wa Sepuka," alisema. "Mimi sisemi kitu. Nenda ukaone mwenyewe."

Raheli alipata lifti ya lori lililopeleka chumvi, akatembea sehemu iliyobaki kwenye matope. Alichokiona kilikuwa darasa lililotolewa madawati, watu wamelazwa kwenye mikeka, na harufu ya dawa iliyozidiwa na harufu nyingine. Mwanamke mmoja alikuwa amemwinua kichwa mumewe, anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Mume alikuwa amekonda ghafla, macho yameingia ndani. Mganga wa zahanati alimwambia kwamba dalili zote ni za kipindupindu, ila vipimo vilikuwa bado havijarudi kutoka Dodoma, na barabara ndiyo hiyo. Wanne walikuwa wameshazikwa. Bondeni Raheli aliwaona watu wanachota maji mtoni kwa ndoo zao, kama kila siku.

Asubuhi iliyofuata hakukaa mezani kwake. Alipitiliza mpaka jikoni.

"Shikamoo, Bi Rukaya."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo?"

Raheli akamweleza. Bi Rukaya aliendelea kugeuza chapati, lakini polepole.

"Na unataka kulisoma hilo humu ndani?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia kwanza."

"Humu watu wanakula, Raheli. Ukilitaja hilo neno, nani atabaki? Nenda kapige posta."

"Posta foleni imefika barabarani. Na Gasto anapiga hapa."

"Basi subiri watangaze wakubwa."

"Wanasubiri vipimo. Watu wanachota maji ya mto leo, Bi Rukaya. Leo hii."

Simu ikalia. Bi Rukaya alikipa kisogo chumba cha wateja akashika chapati nyingine. Raheli akaenda akainua simu, akageukia ukutani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Sikusikii!" Gasto akapiga kelele. "Kuna nini? Paza sauti!"

Alirudia mara ya pili, na ya tatu. Mwishowe akavuta pumzi.

"Kipindupindu!" alisema. "Ki-pi-ndu-pi-ndu! Dalili zake zote, vipimo bado!"

Mzee Othmani aliitazama chapati yake, akaisogeza pembeni, akainuka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Raheli alipomaliza kutaja jina la kijiji, herufi kwa herufi, alikuwa amebaki dereva mmoja tu, aliyesema yeye ameshakula tayari, hata akikimbia haitasaidia.

Bi Rukaya alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Haya. Habari imekwenda. Sasa chukua makaratasi yako. Sitaki kukuona kwenye meza ile."

Habari ilichapwa ukurasa wa mbele, redio ikaichukua. Siku zilizofuata yakapita magari yenye vipaza sauti yakiwaambia watu wachemshe maji, maofisa wa afya wakapeleka dawa vijijini, na wauza vyakula wote wa mjini wakaamriwa kufunga. Wote walifunga. Hata hivyo watu walisema ni mgahawani kwa Bi Rukaya neno hilo lilikotajwa kwanza, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye masufuria yake.

Raheli akahamia kwenye ngazi za posta. Aliandikia magotini, akapanga foleni, na kila zamu yake ilipofika Gasto alikuwa ameshakwenda kula. Siku zilipita habari zake hazijasomwa. Alijua gazeti halitamvumilia muda mrefu.

Kisha basi likaleta magazeti ya wiki nzima kwa pamoja, maana njia ilikuwa imefunguka. Raheli akayasomea palepale stendi. Kila siku kulikuwa na habari ya Singida, na hakuna hata moja aliyoiandika yeye. Kisima fulani kimetiwa dawa. Maziko yamefanyika bila watu kula. Wagonjwa wa darasani wamepungua, na akina mama wa kijiji wanapokezana kuwapikia uji. Zote zilikuwa za kweli. Aliyeziandika alijua mpaka jina la mama aliyeanza huo uji.

Alipanga foleni tena, na safari hii akampata Gasto.

"Mmeniwekea mtu mwingine?"

"Mtu gani? Mimi napiga palepale, saa nne. Kuna mama anapokea. Siku ya kwanza aliniambia hupo, nikamuuliza kama ni kweli huko watu wanaanguka barabarani. Alinigombeza! Tangu hapo nampigia yeye. Kwani si msaidizi wako?"

Kesho yake Raheli alizunguka nyuma ya mgahawa. Uani kulikuwa na masufuria matatu makubwa yanachemka, yote maji matupu, na wanawake wa mtaa wamekaa na madumu yao wakisubiri. Walikuwa wakiongea, kila mmoja na habari ya kwao. Ndani, Bi Rukaya alikuwa amesimama chini ya simu.

"Andika vizuri," alikuwa akisema. "Usiseme wengi. Ukisema wengi, mtu wa Dar atadhani tumekwisha. Sema watatu, na wawili wamesharudi kwao. Haya, kesho."

Akaiweka simu, akamwona Raheli.

"Shikamoo."

"Marahaba. Simu ikilia nyumbani kwangu niiache ilie?"

"Sikuja kugombana."

"Mimi bado nina hasira."

"Kwa kuwa niliisoma?"

Bi Rukaya alivuta kiti, akakaa. Alionekana amechoka.

"Kusoma ilikuwa lazima, nimeona mwenyewe. Lakini siku ile ulikuja kuniambia. Hukuja kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa. Na wewe ungesoma vilevile, nakujua. Lakini ningekuwa nimeulizwa kwangu."

Raheli aliomba radhi, na kwa kuwa hakutaka kumdanganya, akasema pia kwamba ingekuwa leo angesoma tena.

"Najua," alisema Bi Rukaya. "Nje kuna mama wa Issuna, amekuja na habari ya daraja. Mimi madaraja siyajui. Kamsikilize."

Mgahawa ulifunguliwa tena mvua zilipokatika. Wiki ya kwanza walikuja madereva peke yao, kisha wengine. Mzee Othmani alirudi mwishoni, akaagiza chapati kwa sauti kubwa, watu wote wasikie kwamba haogopi. Bi Rukaya alimpa ya jana.

Raheli alirudi kwenye meza ya pembeni. Saa nne walikuwa wanasimama wawili mbele ya simu, mmoja akisoma, mwingine akimvuta mkono palipokosewa, na mara nyingine walibishana mpaka Gasto akakata. Walikwenda hivyo miaka minne. Gazeti lilipomhamishia Raheli Dodoma, kwenye ofisi yenye mlango, Gasto aliuliza nani atabaki Singida. Raheli hakufikiri mara mbili.

Gazeti likamtengenezea Bi Rukaya kitambulisho. Picha alipiga amefunga ushungi mweupe, hajatabasamu. Penye kazi aliwaambia waandike mpishi. Wao wakaandika mwandishi, na yeye akakirudisha Dar kwa basi la kesho yake ili wakirekebishe.